Drili Kwanza, Sanduku Baadaye
(Maneno ya Kamati ya Mikopo kwenye sherehe ya miaka kumi)



Sisi wa Kamati ya Mikopo tumepewa dakika chache, nasi tumechagua jambo moja linalotusumbua mezani. Maombi ya mkopo wa kununua mashine za umeme za kazi za nyumbani yanaongezeka. Si vibaya. Mama aliyechoka kumngoja fundi wiki mbili kwa ajili ya fimbo moja ya pazia ana haki ya kutoboa ukuta wake mwenyewe. Taabu ni kwamba ombi linakuja na picha ya sanduku zima: drili, msumeno, grenda na biti mia moja, eti bei poa. Jamani, mkopo huo ni jasho la wenzetu, na utalipwa hata kama sanduku limelala uvunguni.

Kwa anayeanza tunasema drili kwanza, tena peke yake. Fimbo ya pazia, rafu ya jikoni, komeo la mlango, vyote vinaanza na tundu.

Kuta zetu nyingi ni za matofali ya saruji. Drili ya kuzunguka tu itakula plasta vizuri, ikifika kwenye tofali inapiga kelele bila kuingia. Tafuta yenye swichi iliyochorwa nyundo, ambayo huzunguka huku ikigonga. Ukitoboa mbao, chuma au vigae, unaizima hiyo nyundo. Wati 600 hadi 750 zinatosha nyumbani. Mdomo unaoshika biti ufunguke hadi milimita 13, na kifyatulio kiwe cha kuongeza mwendo kadiri unavyobonyeza, maana kwenye kigae ukianza kwa kasi biti inateleza na kigae kinachubuka. Badala ya zile biti mia, nunua tatu nzuri za ukuta, za milimita 6, 8 na 10.

Wako wanaotuuliza habari ya drili ya betri. Ni nyepesi, na umeme ukikatika kazi inaendelea. Lakini betri ni ghali, inachoka hata ikikaa bure, na ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye mashine ya kampuni nyingine. Kwa mtu anayetoboa mara chache kwa mwaka, sisi tunaona ya waya ndiyo yenye faida.

Kabla ya kutoa pesa, soma kibandiko. Umeme wetu ni volti 230. Mashine ya mtumba iliyotengenezwa kwa matumizi ya Marekani ni ya volti 120, na ya Japani ni 100; ukiichomeka hivi hivi inaungua, na muuzaji hayupo tena.

Grenda hapana. Diski ya grenda ndogo huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na ikipasuka vipande vinaruka kama risasi. Mafundi wazoefu wenyewe inawaumiza, hasa wanaoondoa kile kikinga chake cha chuma. Anayeanza asituletee ombi hilo.

Na sasa la kwetu akina mama. Khanga, mtandio na bangili haviendi na drili. Ncha ya nguo ikinaswa, mashine inaivuta pamoja na mkono kabla hujaachia kifyatulio. Glavu za kitambaa ni vivyo hivyo. Funga nywele, vaa miwani ya kukinga macho. Usitoboe juu wala chini ya soketi au swichi, kwa sababu mara nyingi waya umepita hapo ndani ya plasta. Na waya wa kuongezea ukunjue wote, kwani ukiwa umeviringishwa huku mashine inafanya kazi hupata moto.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza kikundi kinunue drili moja ya waya, ikae kwa mtunza stoo, na mwanachama aazime kwa kutia sahihi daftarini. Atakayeiazima mara kwa mara mpaka wenzake walalamike, huyo alete ombi la mkopo wa kununua yake. Tunaomba jambo hili lipigiwe kura baada ya chakula, na mwenye kupinga aseme hapo hapo, siyo njiani.