Mpangaji Asiyelipa na Nyumba Isiyo na Hati
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Chama, Mombasa)



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya shauri lisilokoma kuletwa mbele ya chama, nalo ni la mpangaji asiyelipa kodi katika nyumba isiyoandikishwa.

Hapa Mombasa wengi wetu tuna nyumba bila ardhi. Kiwanja ni cha mwingine, nasi twamlipa kodi ya ardhi. Kuta na paa ndizo zetu. Nyumba hizo hazina hati kwa jina la aliyejenga, wala mpangaji wa chumba hana mkataba ila neno la mdomo. Mpangaji akikaa miezi minne bila kulipa, mwenye nyumba, ambaye mara nyingi ni mjane asiye na pato jingine, hukosa kodi ya ardhi. Na deni hilo likilimbikizana, nyumba yenyewe imo hatarini. Basi jambo hili si dogo.

Tumesikia maneno mawili, na yote mawili si kweli. La kwanza lasema kwamba nyumba isiyo na hati haina sheria, hivyo yafaa kung'oa mlango, kuezua mabati na kutupa vyombo nje. La pili lasema kwamba asiye na hati hawezi kudai chochote mbele ya hakimu.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yakubali upangaji wa mdomo, na upangaji wa mwezi kwa mwezi hauhitaji kuandikishwa. Mpangaji wa namna hiyo hupewa notisi isiyopungua mwezi mmoja. Kwa hiyo kukosa maandishi hakumwondolei mwenye nyumba haki yake, wala hakumwondolei mpangaji yake.

Tena iko sheria ya mwaka 1959 ya kudhibiti kodi, inayohusu nyumba za kukaa ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa sheria hiyo kutolipa ni sababu ya kuondolewa. Lakini mwenye kuamuru ni baraza la kodi, si mwenye nyumba. Anayemtoa mpangaji pasipo amri, au kumsumbua kusudi ahame, ametenda kosa. Hivyo mdai hugeuka mshtakiwa, na mdaiwa huenda zake akicheka. Kodi ikizidi kiasi hicho, shauri hupelekwa kwa hakimu.

Tufanyeje basi? Kwanza, tuandike kila shilingi na kutoa stakabadhi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Pili, mpangaji aitwe mbele ya wazee wawili. Huenda amepoteza kibarua bandarini, naye aweza kulipa kidogo kidogo. Mapatano hayo yaandikwe na kutiwa sahihi. Tatu, yasipotimizwa, apewe notisi kwa maandishi mbele ya shahidi, na nakala iwekwe. Nne, muda ukiisha, shauri lipelekwe panapohusika pamoja na daftari, nakala ya notisi, na stakabadhi za kodi ya ardhi, ambazo zaonyesha nyumba ni ya nani. Hata mpangaji akihama usiku, deni halihami naye likafa: sheria yaruhusu kulidai kwa miaka 6.

Wazee wetu, njia hii ni ndefu kuliko kung'oa mlango. Lakini mlango ukiisha kung'olewa, hata kodi ya miezi iliyopita huwa ngumu kuipata, na ujirani wa miaka mingi huvunjika. Twaomba mkutano huu ukubali wazee wawili wachaguliwe katika kila mtaa kusikiliza mashauri haya, na karani wa chama awaandikie notisi, bila malipo, wanachama wasiojua kuandika. Mjane mwenye vyumba vinne asiachwe kuchagua kati ya njaa na kesi.