Nani Mwenye Amri Askari Wakishuka Pwani?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Tarakea)



Katibu aliponiomba nizungumze nanyi, nilimwambia kuwa nitaeleza habari za uongozi wa wanamaji katika kazi ya kushusha majeshi pwani. Akacheka, akaniuliza, "Ndugu, Tarakea na bahari wapi na wapi?" Sikumlaumu. Sisi maji tunayoyajua ni ya mfereji. Lakini nawaombeni subira kidogo, kwani habari hii imeupitia mlima wetu kabla ya kufika baharini.

Baba yangu mkubwa alikuwa askari wa KAR katika Vita Kuu ya Pili. Tulipokuwa wadogo alitusimulia jinsi alivyoshuka kutoka melini kuingia katika mashua kule Bukini. Alisema hakuogopa risasi, aliogopa ngazi ya kamba. Kisha alikuwa na swali lake, analirudia kila mara: "Mle katikati, si melini wala si nchi kavu, kama tungezama, mkubwa gani angejibu? Wa meli au wa jeshi?" Sisi tulicheka. Nimekuja kugundua ukubwani kwamba swali hilo limewasumbua majemadari wengi, na kwamba watu walikufa Tanga kwa kukosekana jibu lake.

Mwishoni mwa mwaka 1914 Waingereza walipanga kuibana Kilimanjaro pande mbili. Kikosi kimoja kitoke Kenya kushambulia Longido, ng'ambo ya pili ya mlima huu, na kikosi kikubwa zaidi kitoke Bombay kwa meli, kiteke Tanga, kisha kipande na reli kuja Moshi. Reli hiyo ilikuwa imefika Moshi mwaka 1911. Kwenye ramani mpango ulipendeza sana. Kikosi cha baharini kilikuwa na watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, chini ya Meja Jenerali Aitken. Walikuwa wamekaa melini majuma mawili na zaidi, wakitapika. Meli zao zilisindikizwa na manowari Fox, na nahodha wake, Caulfeild, ndiye mkubwa wa wanamaji.

Angalieni sasa. Jenerali ana askari lakini hana meli. Nahodha ana meli lakini askari si wake. Hakuna aliyewekwa juu yao pale pale kusema, "Fanyeni hivi."

Vita vilipoanza, wanamaji wa Kiingereza walikuwa wamepatana na Wajerumani wa pwani kwamba bandari zisishambuliwe. Nahodha akaona heshima inamtaka awaarifu kwanza kuwa mapatano yamekwisha. Jenerali akakubali. Basi asubuhi ya tarehe 2 Novemba Fox iliingia Tanga peke yake, ikampa mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, muda wa saa moja asalimu amri. Bwana huyo hakusalimu. Aliutumia muda aliopewa kupeleka simu, akavaa sare yake ya jeshi. Fox ikaondoka kwenda kuzileta meli nyingine. Mimi mwenyewe nimesoma habari hii mara nyingi, na kila mara nashangaa: mwizi gani hubisha hodi, akarudi kwao kuchukua gunia?

Nahodha alihofia pia mabomu ya kutegwa majini. Yakatafutwa, wala hayakuwako. Muda ukapita. Hatimaye askari walianza kushushwa usiku, mashariki ya mji, karibu na Ras Kasone, kwenye mikoko na vichaka, si bandarini.

Wakati huo Lettow-Vorbeck alikuwa huku kwetu, Moshi, na sehemu kubwa ya jeshi lake. Alipopata simu akawapakia askari wake kwenye magari moshi, treni baada ya treni, safari ya kilomita kama 350. Shambulio la Longido, ambalo lingeweza kumzuia, lilifanyika tarehe 3 na likashindwa siku hiyo hiyo. Yeye mwenyewe akafika Tanga usiku wa kuamkia tarehe 4. Alikuwa na watu kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Mchana wa siku hiyo Waingereza waliposonga mbele wakapigwa vibaya. Nyuki wa mizinga iliyokuwa juu ya miti wakafanya sehemu yao pia, na wazee wa Tanga huwapa nyuki sifa zaidi kuliko Wajerumani. Manowari ilipiga mizinga bila kujua vizuri nani yuko wapi nchi kavu. Tarehe 5 jeshi likarudi melini, likaacha bunduki mamia na risasi zaidi ya laki tano. Waliouawa na kujeruhiwa upande wao walizidi 800. Aitken alishushwa cheo kuwa kanali.

Vijana wa Kidato cha Nne watauliza: je, kosa lilikuwa la nani? Vitabu vingi humlaumu jenerali, vingine nahodha. Kwa maoni yangu, kila mmoja alifanya kazi yake kama alivyofundishwa. Waliokosa ni wale waliowapeleka wawili bila kuwaambia nani mkubwa, na hao hawakuwepo Tanga.

Waingereza hawakujifunza upesi. Mwaka 1915 walikwenda Gallipoli, Uturuki, tena admirali na jenerali kila mmoja na lake. Ni mwaka 1940 ndipo walipounda makao makuu ya operesheni za pamoja, chini ya Admirali Keyes, na baadaye Mountbatten.

Matunda yake yalionekana Bukini. Tarehe 5 Mei 1942 walishuka karibu na Diego Suarez kuwapokonya Wafaransa wa Vichy bandari ile, wasije Wajapani wakaipata. Safari hii admirali mmoja, Syfret, alipewa amri juu ya meli, ndege na askari wote. Jenerali wa nchi kavu, Sturges, alikuwa chini yake. Hawakubisha hodi. Waliingia usiku upande wa magharibi, wakapita kwenye miamba ambayo wenyeji walidhani haipitiki na meli kubwa gizani, na siku ya tatu bandari ikasalimu amri. Walikufa watu, tena zaidi ya mia, lakini si kwa kukosa wa kutoa amri.

Baba mkubwa alikuwa katika Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na kikosi cha 6 cha KAR, cha watu wa Tanganyika. Septemba 1942 walishuka Majunga, wakatembea na kupigana hadi Tananarive. Meli ziliongozwa na Admirali Tennant, yule aliyesimamia kupakiwa kwa askari kule Dunkirk mwaka 1940. Kwa hiyo mkubwa wa kujibu alikuwako. Kanuni yenyewe ni hii: tangu askari anapopanda meli mpaka jeshi limesimama imara pwani, mwenye amri ni mwanamaji. Kisha humkabidhi mwenzake wa nchi kavu, kwa saa inayojulikana na wote wawili. Baba mkubwa hakuambiwa hayo. Mpagazi na askari wa kawaida hawakuwa wakielezwa.

Mambo haya si ya wazungu peke yao. Januari 1964, jeshi letu lilipoasi, makomando wa wanamaji wa Kiingereza walishushwa kwa helikopta kutoka manowari Centaur hadi kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, kwa ombi la serikali yetu wenyewe. Halikuwa jambo la kujivunia, na jeshi jipya liliundwa mwaka ule ule. Miaka 44 baadaye, Machi 2008, askari wa Tanzania walikuwa miongoni mwa majeshi ya Umoja wa Afrika yaliyotua Anjouan, Komoro, na Kanali Bacar akakimbilia Mayotte.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja. Baba mkubwa alifariki, na hati yake ya kuachishwa jeshi ililiwa na mchwa kabla sijajua thamani yake. Najua Rombo nzima yako masanduku yenye karatasi kama hizo, za KAR, na pengine za wapagazi wa vita vya kwanza. Mwalimu wa historia amekubali kutenga kabati moja katika maktaba. Anayerudi nyumbani kesho aulize, na akipata kitu akilete kabla ya mvua.