Utelezi wa kwenye sursi: pesa itoke kabla ya mguu kuvunjika

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Bunia, mwanzo wa mvua kubwa)



Niliombwa niseme juu ya usalama, na naona wengine walifikiri nitasema juu ya bunduki. Hapana. Leo ni matope.

Toka mwezi wa 8 mpaka wa 11, kila mwaka tunasikia yale yale: mama fulani alianguka kwenye sursi, mzee fulani aliteleza nyuma ya choo. Watu wanasema pole, ni bahati mbaya, na mambo yanaishia pale. Mimi hilo neno silikubali. Mahali watu watatu walianguka katika mvua moja, kosa liko kwa mahali pale, haliko kwa miguu ya watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka kunaua watu 684,000 kwa mwaka, na zaidi ya 80 kwa 100 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Sisi tumo.

Kwa ninyi muliorudi, jambo lina uzito wake. Wengi mulivuka Ziwa Albert mwaka 2018, vita ya Djugu ilipochacha, mukaishi Kyangwali. Kurudi mulikuta nini? Njia ya kushuka sursi imemezwa na majani, kanivo imezibwa, simenti ya pale maji yanapotoka imeota kijani. Nani angefanya salongo wakati ule? Na udongo wetu munaujua, ni ule mwekundu tunaofyatulia matofali. Ukikauka ni jiwe. Ukilowa, maji hayazami upesi, yanabaki juu, na pale juu panakuwa kama sabuni. Kambambili iliyolika haina pa kushika.

Sasa ongeza bidoni. Litre 20 ni kilo 20, juu ya kichwa, na pengine mtoto mgongoni. Mama akiteleza, mikono yake inakimbilia bidoni, haikimbilii kumkinga. Juu ya nini? Alipanga mstari masaa mawili, na bidoni yenyewe ni pesa. Wamama, nawaomba: iacheni ianguke. Bidoni ikipasuka tutachanga. Mfupa wa nyonga ukivunjika, shamba la msimu ule limekwenda, tena shamba la kwanza tangu kurudi, na binti ndiye ataacha masomo achote maji.

Wandugu waliopelekwa Kanada toka kambini wanatusimulia juu ya barafu ya njiani. Barafu yetu iko juu ya Ruwenzori, hatuikanyagi. Lakini moja nililipenda: kule watu wanaambiwa watembee kama bata, hatua fupi, unyayo mzima chini, magoti yamelegea. Hiyo inafaa hata Mudzipela. Tena kule wanamwaga chumvi. Chumvi inayeyusha barafu, kwa matope haina kazi, muibakishe kwa mboga. Changarawe, ndiyo. Jivu linasaidia mpaka mvua ya pili tu.

Lakini changarawe bila kanivo ni kupoteza jasho, itazama yote. Kwanza maji yatolewe njiani. Kisha mteremko uchongwe ngazi, kila ngazi izuiliwe na jiwe au gogo, na upande mmoja isimamishwe miti ya kushikilia. Simenti isuguliwe kwa brosi na mchanga kila posho. Hakuna kitu pale kinachohitaji injinia.

Na mtu akishaanguka? Musimvute mguu, musimsimamishe kwa nguvu. Ukiona mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje, hesabu kwamba nyonga imevunjika: abebwe amelala juu ya ubao. Asipandishwe moto, amebanwa kati ya motari na shemeji, kama tunavyoona kila siku. Aliyepiga kichwa akitapika, au akisinzia kuliko kawaida, ni hospitali usiku ule ule. Mwenye mimba aende kituo cha afya hata kama hasikii maumivu.

Nimalizie na kese yetu ya kusaidiana. Inalipa matibabu, na iendelee. Ila sijaona franka iliyotoka kununua changarawe. Tunangoja mguu uvunjike ndipo tufungue kitabu. Ninaomba komite itenge sehemu ya michango ya mwezi huu kwa njia za kwenye maji, na kila kartie ichague mama mmoja wa kusema ni wapi watu wanaanguka. Wamama wanajua, wababa wengi hawajui, juu hawachoti.

Ninyi wafadhili, naelewa munapenda picha ya sursi mpya yenye kibao. Kwenye kanivo hakuna anayeweka kibao. Lakini mifuko michache ya simenti inarudisha sursi ya zamani kazini, nayo iko karibu na nyumba za watu kuliko ile mpya itakavyokuwa.

Posho hii, saa mbili asubuhi, tunaanza na sursi ya hapa chini. Mwenye beshi alete beshi. Asiye nayo alete ndoo ya mchanga, na vijana wakate miti ya kushikilia siku moja mbele.