Kilomita 21 Huanza na Moja

Mwaka 1992, mashindano ya kwanza ya dunia ya nusu marathoni, yaani kilomita 21, yalifanyika Newcastle, Uingereza. Mshindi wa wanaume alikuwa Benson Masya, mzaliwa wa Kitui aliyewahi kuwa bondia. Alitumia dakika 60 na sekunde 24.

Wewe unayeanza huhitaji kasi hiyo, unahitaji subira. Anza na kilomita moja, ukikimbia na kutembea, mpaka uzoee tano. Kisha jipe wiki 12 za kujiandaa kwa kilomita 21. Kimbia siku tatu au nne kwa wiki, polepole kiasi cha kuweza kuzungumza. Siku moja kati ya hizo nenda mbali zaidi, ukiongeza kilomita moja hivi kila wiki. Siku nyingine pumzika, kwani mwili hujengeka ukipumzika.

Iwe uko Wote kule Makueni au Mwingi kule Kitui, jua ni kali: toka alfajiri, unywe maji. Jioni kula muthokoi ushibe. Ukihisi kizunguzungu au maumivu ya kifua, simama, utafute msaada mara moja. Mwenye shinikizo la damu au kisukari amwone daktari kwanza.

Haraka haraka haina baraka. Kesho alfajiri, funga kamba za viatu, uanze.