Mpango wa Kutoa Misaada
(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama)



Nimeombwa nizungumze juu ya kutoa misaada. Wazee walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nakubaliana nao, ila ukaguzi umenionyesha kwamba moyo usio na daftari huweza kumponza mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja. Fedha taslimu zilipungua. Katibu hakuzilewea wala hakununulia ng'ombe. Alikuwa akiwapa wafiwa na wagonjwa waliombishia hodi usiku, kwa nia ya kuzirudisha msimu wa pamba ukifunguliwa. Kijiji kizima kilimpenda. Nami niliandika upungufu katika taarifa yangu, kwani sikuwa na namna nyingine, naye akavuliwa ukatibu. Hata leo nikipita njia ile hushuka kumsalimu, naye hunikaribisha vizuri, jambo linalonielemea kuliko kama angalinikasirikia.

Kosa lake halikuwa huruma. Hakuwa na fungu lake mwenyewe la kutoa, akashika lililokuwa karibu. Tazameni mwaka wetu ulivyo. Mkulima wa Shinyanga huanza kupata fedha za pamba Mei hivi. Shida za majirani huzidi Januari hadi Machi, maghala ya nyumbani yakiwa matupu na watoto wakihitaji sare na madaftari. Mvua ya mawe iliyoua watu zaidi ya 40 kijijini Mwakata, wilayani Kahama, ilinyesha Machi 2015, mwezi ambao wengi wetu hatuna kitu mfukoni. Basi fungu la Machi hutengwa Juni, siku ile ile ya malipo, kabla ya harusi na ngoma, likawekwa benki au SACCOS kwa jina lako.

Wenye maduara ya dhahabu kule Geita hawana msimu. Kiasi maalumu hakiwafai. Watenge sehemu, tuseme shilingi moja katika kila ishirini, kila watokapo kuuza kwenye soko la dhahabu lililofunguliwa mwaka 2019. Mwezi wasiopata kitu, hawatadaiwa kitu.

Katika daftari andika ulichotenga, ulichotoa na kilichobaki. Kikiisha, sema kimekwisha. Hili ndilo gumu. Mimi mwenyewe hunishinda mbele ya shemeji zangu.

Mtaniuliza: je, chama nacho kisisaidie? Kisaidie. Kujali jamii ni kanuni ya saba ya ushirika, iliyopitishwa Manchester mwaka 1995. Lakini hapo atoaye ni wanachama wote, kwa azimio la mkutano mkuu lililoandikwa katika muhtasari, wala si katibu mwenye ufunguo wa kasha.

Nitakapofika chamani kwenu nitaomba kitabu cha fedha na muhtasari huo. Daftari lako la misaada sitaliomba.