Mazungumzo: Uchaguzi wa Vyombo vya Kukusanya Taarifa za Magari ya Serikali, na Funzo la Njia ya Engaresero



Gari la Serikali hununuliwa kwa kodi ya mwananchi na hutiwa mafuta kwa kodi hiyo hiyo, na linapolala gereji kwa miezi, anayekosa huduma ni mwananchi yule yule. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa sababu hiyo, kujua gari limekwenda wapi, kwa masafa gani, kwa mafuta kiasi gani na mikononi mwa nani, ni sehemu ya kutunza amana ya umma. Mazungumzo haya yanahusu jambo moja: chombo kipi kichaguliwe kwa kazi hiyo.

Kwa miaka mingi daftari hilo limekuwa kitabu cha safari, ambacho dereva hukijaza na mkuu wake hukitia saini. Kitabu hicho kingali na thamani, kwani ndicho pekee kinachoeleza madhumuni ya safari na aliyeiidhinisha. Udhaifu wake ni kuwa hesabu huandikwa na yule yule anayehesabiwa, na mita ya masafa ikiharibika kilomita hukisiwa.

Tanzania Bara imepiga hatua katika mabasi ya abiria. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2019, husimamia mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi ya masafa marefu, ujulikanao kwa herufi VTS. Mfumo huo huonesha mahali basi lilipo na mwendo wake, ili kikomo cha kilomita 80 kwa saa kiheshimiwe. Kenya ilitangulia mwaka 2004 kwa kulazimisha matatu kufungwa vidhibiti mwendo. Vingi vya vidhibiti hivyo vilichezewa baadaye, na hilo ni funzo kwamba chombo kisicho na msimamizi hakilindi kitu.

Hata hivyo, basi la barabara kuu ya lami halifanani na gari la kazi la vijijini. Mfano ulio wazi ni njia ya Engaresero, katika Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha. Kijiji hicho kipo kusini mwa Ziwa Natron, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai ambao ulitapika majivu mwaka 2007 na 2008. Kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka ni zaidi ya kilomita 100, na njiani kuna vumbi, mawe na mito ya mchanga, ambayo hukauka kiangazi na hufunga njia wakati wa mvua. Joto ni kali, vumbi lina magadi, na mawasiliano ya simu hupatikana na kukatika. Chombo kitakachofaa huko kitafaa popote. Njia hiyo inamfundisha mnunuzi kuuliza maswali manne.

Swali la kwanza: chombo hufanya nini pasipo na mtandao? Wengi hudhani kuwa penye setelaiti hapana tatizo. Ukweli ni kuwa setelaiti za GPS hukiwezesha chombo kujua mahali kilipo, lakini hazipeleki taarifa ofisini. Kazi hiyo hufanywa na mtandao wa simu. Chombo kinachorekodi kila baada ya sekunde 30 hupata kumbukumbu 1,200 katika safari ya saa 10. Kisipokuwa na ghala ya kuzihifadhi hadi mnara upatikane, safari nzima hupotea, na dereva mwaminifu huonekana kama aliyejificha. Vipo vyombo vinavyotuma ujumbe kwa setelaiti, lakini gharama yake ni kubwa. Vinastahiki gari la wagonjwa, si kila gari.

Swali la pili: mafuta yatapimwa vipi? Vyombo vingi huchomekwa katika tundu la uchunguzi la gari na kusoma kompyuta ya injini. Lakini Toyota Land Cruiser zenye injini ya dizeli ya 1HZ, ambazo zimeenea sana katika kazi za vijijini, hutumia pampu ya kimakanika isiyoendeshwa na kompyuta. Kununua vyombo vya kuchomeka kwa magari hayo ni kununua masikio kwa ajili ya asiyesema. Hayo huhitaji kipimo ndani ya tangi, kilichosawazishwa kwa tangi lenyewe. Na hata hicho hudanganya gari likiwa mlimani, kwani mafuta huegemea upande mmoja. Kwa hivyo, kushuka kwa kipimo mara moja kusihesabiwe kuwa ni wizi kabla ya kulinganishwa na stakabadhi na masafa.

Swali la tatu: nani aliyeendesha? Gari moja huendeshwa na madereva watatu au wanne. Bila ya kitufe au kadi ya kumtambulisha kila dereva, kosa la mmoja litakuwa la wote.

Swali la nne: nani atakayezitunza taarifa? Mwenendo wa gari ni mwenendo wa mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ni busara mkataba ueleze nani anaruhusiwa kuziona taarifa, zitakaa muda gani, na kwamba ni mali ya Serikali hata mkandarasi akibadilika.

Ndugu wananchi, Unguja na Pemba hazina magadi ya Natron, lakini zina chumvi ya bahari ambayo hula nyaya na viungo vile vile. Aidha, gari likivushwa kwa meli kutoka Unguja kwenda Pemba, chombo huweza kuonesha kuwa linatembea baharini ilhali injini imezimwa. Kisichosoma hali ya injini kitahesabu masafa hayo kuwa ni safari ya dereva.

Inashauriwa basi kuwa kila taasisi ianze kwa kuorodhesha magari yake kwa aina na injini, ifanye majaribio katika magari machache yanayopita njia mbovu zaidi, ilinganishe matokeo na kitabu cha safari kwa miezi isiyopungua mitatu, na ndipo inunue. Madereva washirikishwe tangu mwanzo, kwani chombo kilichochaguliwa vyema humtetea dereva mwema kama kinavyomfichua mbaya. Na pawepo ofisa mmoja mwenye wajibu wa kuzisoma taarifa kila wiki, maana taarifa isiyosomwa haiokoi hata lita moja.