MAZUNGUMZO KWA WATUMISHI: SAA YA KOMPYUTA INAPOKWENDA KOMBO



Barua ya Serikali bila ya tarehe sahihi haina nguvu. Karani wa masjala, mtunza ghala na mhasibu wote huitegemea saa ya kompyuta bila ya kuitazama, na hati ya malipo ikishatoka na mwaka usio wake, mkaguzi hatauliza habari za mashine. Atamuuliza aliyetia saini.

Mji wa Tukuyu, makao ya Wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, unafaa kuwa mfano. Mvua huko hupindukia milimita 2,000 kwa mwaka, na penye mvua na radi nyingi umeme hukatika. Kompyuta iliyozimwa huendelea kuhesabu saa kwa nguvu ya betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, yenye volti 3, iliyomo ndani yake. Betri hiyo ikichoka, saa husimama pamoja na umeme. Mashine za zamani zilirudi tarehe 1 Januari 1980. Za baadaye hurudi kwenye mwaka uliowekwa na kiwanda. Ndipo hupatikana barua yenye tarehe ya kabla ya kuzaliwa karani aliyeichapa.

Mtumishi asikimbilie kusema kuwa ni virusi, wala asiandike maombi ya mashine mpya. Kwanza na atazame kiasi cha kosa, kwani kiasi ndicho kinachomtaja mkosaji. Kosa la miaka linalorudi kila umeme unapozimwa ni la betri. Kosa la dakika chache linaloongezeka polepole ni la kawaida: ndani ya saa hiyo mna kipande cha fuwele kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, na kikikosea sehemu 20 tu katika milioni, hupoteza au huzidisha takriban dakika moja kwa mwezi.

Kosa la saa moja kamili ni la ukanda wa saa. Kusini mwa Rungwe iko Wilaya ya Kyela na mpaka wa Kasumulu, na ng'ambo yake ni Malawi, ambayo iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Simu ikishika mnara wa upande wa pili huweza kujirudisha nyuma, na mwenye simu akaitumia kurekebisha kompyuta ya ofisi. Ukanda sahihi kwa Tukuyu, kama kwa Unguja na Pemba, ni ule wa saa 3 mbele ya saa ya dunia, ambao katika kompyuta nyingi huandikwa kwa jina la Nairobi. Kosa la saa 3 kamili, basi, huonesha kuwa mashine inasoma saa ya dunia kana kwamba ni ya hapa.

Kosa la saa 6 ni letu wenyewe Waswahili. Saa mbili asubuhi kwa kompyuta ni 8:00, na saa nane mchana ni 14:00; anayeandika kama anavyotamka huipotosha mashine robo ya siku. Wala jua lisiwe shahidi. Kwa kuwa Tukuyu iko magharibi zaidi, jua hufika utosini huko takriban dakika 22 baada ya Unguja, ingawa saa za ofisi ni zile zile.

Tarehe nayo ina mtego wake. Mpangilio wa Marekani hutanguliza mwezi, hivyo 4/7 ikasomwa Aprili 7 badala ya Julai 4. Ni kosa baya kuliko yote, kwa sababu halishtui mtu mpaka siku ya kumi na tatu ya mwezi.

Saa mbovu pia huzuia kazi. Kompyuta iliyorudi miaka ya nyuma hukataa kurasa salama za intaneti, ikiona vyeti vyake havijaanza kutumika. Aidha, katika zabuni zinazopokelewa kwa mtandao, kama zile za mfumo wa NeST ulioanza Tanzania Bara mwaka 2023, mlango hufungwa kwa saa ya seva, si kwa saa ya mezani kwa mwombaji.

Katika kurekebisha, ukanda wa saa utangulie, kisha tarehe na mwaka, na mwisho ndipo iwashwe huduma ya kulinganisha saa kwa mtandao. Anayeanza na mtandao kabla ya ukanda atarudishiwa kosa lile lile. Hati zilizokwisha kutoka zisifutwe tarehe. Masahihisho yaandikwe ndani ya jalada na kutiwa saini.

Betri ibadilishwe na fundi, mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa. Betri kuukuu isiachwe mezani wala kupelekwa nyumbani kuchezewa. Mtoto akiimeza huunguza koo lake kwa muda wa saa chache, na apelekwe hospitali mara moja.